Macho na Leseni ya Daraja C au E: Hesabu Miezi Sita Kurudi Nyuma

Utingo wangu ndiye aliyegundua kabla yangu. Tulitoka Dodoma saa kumi na moja jioni kwenda Singida na lori la saruji, jua limetukalia usoni mpaka Bahi, na giza lilitukuta mbele ya Kintinku. Kila gari lililotujia nililiona kama mpira wa moto wenye manyoya. Nikawa nakanyaga breki. Kijana akaniuliza, "Mzee, mbona unapunguza kila likija gari?" Nikamjibu kwamba madereva wa siku hizi hawashushi taa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni wote, mzee?"

Hawakuwa wote. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, nikiwa na miaka 51, na leseni yangu ilikuwa imebakiza wiki saba. Nilipohuisha mara ya nyuma yake, aliyenijazia fomu ya afya aliniuliza jina, akagonga muhuri, akaita mwingine. Ubao wa herufi ulikuwa ukutani nyuma yake na hakuna aliyeutazama. Siku ile nilifurahi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Baadaye nilikaa nyumbani karibu miezi minne bila usukani. Macho yalikuwa yanatibika. Kilichoniweka nyumbani ni kwamba nilianza kutibiwa nikiwa nimechelewa.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu moja: toa leseni yako sasa hivi, soma tarehe ya mwisho, rudi nyuma miezi sita. Siku hiyo ndiyo unayotakiwa kuwa kliniki ya macho. Leseni yetu, iwe daraja C la basi au E la lori, inadumu miaka mitano, muda unaotosha kabisa jicho kubadilika bila mwenyewe kujua.

Hatua ya kwanza: jipime mwenyewe, jicho moja moja

Kosa la madereva wengi ni kujipima kwa macho mawili. Jicho zima hubeba lililochoka, nawe unaona mambo yako sawa. Nimewahi kukaa meza moja na dereva wa basi ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa, na alilijua siku alipoingiwa na vumbi jicho la kulia pale stendi ya Nane Nane.

Fanya hivi, mchana, gari likiwa limezimwa. Simama mita 20 kutoka kwenye kibao cha namba cha gari lingine, yaani hatua ndefu kama 20 hivi. Ziba jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, soma. Ziba la kushoto, soma kibao cha gari tofauti ili usisome kwa kukariri. Kama una miwani ya kuona mbali, ivae. Huko Uingereza kusoma kibao cha namba kwa mita 20 ndicho kiwango cha chini cha mtu wa gari dogo la nyumbani. Wa basi na lori wanadaiwa zaidi (namba hizi nazieleza hapo chini): 6/7.5 kwa jicho lililo bora na angalau 6/60 kwa lile dhaifu, miwani ikiruhusiwa. Marekani dereva wa magari makubwa ya biashara kwa kawaida anatakiwa kufika 6/12 kwa kila jicho. Nazitaja ili upate kipimo cha kujilinganisha, maana barabara ya Gairo haina huruma kuliko za kwao. Mimi binafsi najiwekea 6/9 kwa macho yote mawili, na nikishuka hapo narudi kwa daktari.

Maana ya namba hizo ni rahisi. Ya juu ni umbali uliosimama wewe, mita 6. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angeisoma herufi ileile. Ukiambiwa 6/18, unalisogelea bango mpaka mita 6 ndipo ulisome, wakati mwenzako amelisoma akiwa mita 18. Sasa ligeuze liwe barabara. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa basi na lori letu kisheria, gari linakula mita 22 kila sekunde. Anayeona ng'ombe wa Mgogo kwa kuchelewa sekunde mbili ameshapoteza mita 44 kabla mguu haujafika kwenye breki.

Pima na pembeni. Kaeni mkitazamana na konda wako, umbali wa mita moja hivi. Ziba jicho moja, mtazame puani bila kuhamisha jicho, naye alete kidole taratibu kutoka nje kuja katikati: kulia, kushoto, juu, chini. Unasema "naona" mara tu kinapotokea. Ikiwa yeye anakiona na wewe bado, acha kupima, nenda hospitali. Watu huruka kipimo hiki kwa kuwa hakifanani na kipimo cha macho cha kawaida, ila ndicho kinachokuonyesha bodaboda anayechomoka kwenye kichaka.

Halafu muulize anayesafiri na wewe. Napunguza mwendo bila sababu usiku? Nayasogelea magari mno? Nakanyaga mstari wa kati? Utingo anajua. Mpe ruhusa ya kusema, la sivyo atakuheshimu mpaka mtaroni.

Hatua ya pili: miezi sita inaliwa na nini

Ukisikia miezi sita unaona ni mingi. Tuihesabu. Mtoto wa jicho huondolewa jicho moja kwanza. Unatumia dawa ya matone wiki kadhaa, unaachia jicho litulie, na kipimo cha miwani hufanyika wiki nne hadi sita baada ya upasuaji. Kama macho ni mawili, rudia. Ongeza foleni ya kupangiwa siku, ongeza na safari ulizoshindwa kuziacha.

Mwenye kisukari ana hesabu yake. Sukari ikiwa juu, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika na uono unayumba: leo unaona mbali, wiki ijayo huoni. Ukipima miwani siku hizo utanunua miwani ya sukari, siyo ya macho yako, na sukari ikishuka miwani haifai tena. Shusha sukari kwanza, ikae sawa wiki kadhaa, ndipo upime. Ndugu yangu mmoja wa Kibaigwa alinunua miwani mara tatu kwa mwaka akilaumu duka.

Mwenye presha ya macho anaanzishiwa matone na kuitwa tena baada ya wiki kadhaa kuona kama presha imeshuka. Hata anayehitaji miwani tu anahitaji siku chache za kuizoea kabla ya kupanda nayo kwenye semi.

Hatua ya tatu: nenda wapi, na mwambie nani nini

Dodoma hatuna sababu ya kusema huduma ziko mbali. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, ile wenyeji wanayoiita Jenero. Kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kuna Mvumi, hospitali ya kanisa iliyohudumia macho ya watu wa kanda hii kwa miongo mingi, na hadi leo wazee wa vijijini wakisema "macho" wanamaanisha Mvumi. Tatizo likiwa la pazia la ndani ya jicho, yaani retina, unaweza kuelekezwa Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi.

Duka la miwani lenye mtaalamu wa kupima linatosha kama shida ni namba za miwani tu. Lakini ukiwa na miaka 40 na kuendelea, au una kisukari, au presha ya damu, au kuna ndugu wa damu aliyepofuka, usiishie dukani. Unahitaji mtu wa kulitazama jicho kwa ndani na kupima presha yake.

Ukifika, sentensi ya kwanza iwe: "Naendesha lori la tela, usiku na mchana." Au basi, au Coaster. Usiseme tu "macho yananisumbua", maana kwa mkulima wa Hombolo na kwa dereva wa Dodoma–Mwanza ushauri haulingani. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na zile za duka la dawa na za mitishamba. Na omba mambo manne yaandikwe kwenye karatasi: uono wa kila jicho bila miwani, uono wa kila jicho kwa miwani, presha ya kila jicho, na hali ya uono wa pembeni. Karatasi hiyo ni yako. Ipige picha, iweke kwenye simu.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenionya: wakitaka kuona ndani ya jicho watakutonea dawa ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa baada ya hapo mwanga unachoma na karibu huoni maandishi. Usiende na gari. Nilitoka pale nikiwa na ufunguo wa lori mfukoni nikakaa chini ya mti wa kivuli mpaka jioni, nimefumba macho kama kuku.

Hatua ya nne: jua unaumwa nini

Magonjwa ya macho ni mengi. Haya ndiyo yanayokula leseni za watu wa barabara hii.

Kutoona mbali na kutoona karibu. Ni matatizo ya miwani. Kutoona karibu huanza kwenye miaka 40 kwa karibu kila mtu, nawe unajikuta unasogeza simu mbali mpaka mkono unaisha. Hakukuzuii kuona barabara, lakini dashibodi, hati ya mzigo na kompyuta ya mtihani wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, vyote viko karibu. Wapo madereva wazuri wanaohangaika kwenye mtihani ule kwa sababu wanabahatisha maswali wasiyoyaona vizuri, wakaona aibu kusema.

Mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani inachafuka kama kioo cha mbele kilichopakwa mafuta. Dalili zake za kwanza kwa dereva ni taa za usiku: zinatawanyika, zina duara, zinakufumba. Mchana unaweza kusoma ubao vizuri tu, ukapita kipimo, na usiku ukawa hatari. Ndiyo maana usimwachie daktari ubao pekee, mweleze habari za usiku. Tiba ni upasuaji, lenzi chakavu inatolewa na ya bandia inawekwa. Mara nyingi ni chini ya nusu saa, unachomwa ganzi, uko macho. Hakuna matone wala majani yanayouyeyusha. Anayekuuzia hayo anakula pesa yako.

Presha ya macho, madaktari wanaiita glakoma. Hapa naomba usome polepole. Haiumi. Haina wekundu. Inaanza kula uono wa pembeni, katikati pakabaki pazuri, kwa hiyo unaendelea kusoma vibao na kujisifu. Siku ukigundua, mshipa wa jicho umeshakufa sehemu kubwa, na kilichokufa hakirudi kwa miwani wala kwa upasuaji. Sisi Waafrika inatupata zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu, na inatembea kwenye damu: kama baba au dada anayo, wewe pima kila mwaka. Ikigundulika mapema, matone ya kila siku maisha yote yanaizuia, na dereva anaendelea na kazi miaka mingi. Shida ni kwamba matone hayakuongezei kuona, kwa hiyo watu huyaacha. "Sioni tofauti," wanasema. Tofauti ni ile ambayo haikutokea. Yaweke kwenye begi la safari pamoja na mswaki, na siyo juu ya dashibodi ambako jua la Manyoni linayapika. Yapo pia matone ya aina ya pilokapini ambayo hubana mboni na kufanya usiku uwe mweusi zaidi. Ukipewa, mkumbushe daktari kwamba unaendesha gizani.

Kisukari ndani ya jicho. Mishipa midogo ya retina inavuja na kuvimba. Mwanzoni huoni chochote. Kila mwenye kisukari apimwe ndani ya jicho mara moja kwa mwaka hata kama anasoma ubao wote. Maisha ya usukani yanalisha ugonjwa huu: chipsi saa sita usiku, soda tatu, kukaa saa kumi.

Kinyama cha jicho. Kile kinachoota kutoka pembeni karibu na pua kikielekea kwenye mboni. Jua, upepo na vumbi ndivyo vinavyokilea, na Dodoma vyote vitatu tunavyo vya kugawa. Kikiwa pembeni hakina neno. Kikipanda juu ya kioo cha jicho kinapinda uono, na huondolewa kwa upasuaji, ingawa kinaweza kuota tena. Miwani ya jua na kofia ya kapelo vinasaidia kuliko unavyodhani.

Trakoma, vikope. Vijana wa mjini wanaicheka kama ugonjwa wa bibi, lakini Kongwa ilijulikana duniani kwa ajili yake. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi kwenye vijiji vya pale, wakaonyesha jinsi kuwanawisha watoto uso kunavyopunguza ugonjwa. Kama ulikulia huko na kope zinageukia ndani zikikwaruza jicho, usizing'oe na kibano kila wiki miaka nenda rudi. Kuna upasuaji mdogo wa kugeuza kope. Kila siku ya kukwaruza inaacha kovu kwenye kioo cha jicho, na kovu halisafishiki.

Na sasa jambo linalonikera. Jicho likiwasha kwa vumbi, dereva anasimama Gairo, anaingia duka la dawa, anasema "nipe ya macho". Anapewa matone yenye steroidi, deksamethasoni au beta-methasoni. Dakika kumi jicho linatulia, jeupe, anafurahi, ananunua chupa tatu za akiba. Dawa hizo zikitumika mfululizo bila daktari hupandisha presha ya macho na huleta mtoto wa jicho. Soma kichupa. Ukiona jina linaishia na "-sone", usitie bila mtu wa macho kukuambia siku ngapi. Kwa vumbi la kawaida, maji safi yanatosha. Mkojo, maziwa na maji ya majani sitaki hata kuvijadili.

Yapo ya dharura ambayo hayasubiri mzigo ufike: kupoteza uono ghafla, pazia jeusi linaloshuka upande mmoja, vimulimuli na vitu vinavyoelea vilivyoanza leo, jicho jekundu linalouma na kichwa na kutapika, kipande cha chuma kutoka kwenye mashine ya kusagia gereji. Egesha, tafuta hospitali. Maji ya betri yakirukia jichoni, osha palepale kwa maji safi mengi, kope zikiwa wazi, nusu saa nzima kwa saa ya ukutani, ndipo uanze safari ya hospitali. Ukikimbilia hospitali kwanza, tindikali inaendelea kula njiani.

Hatua ya tano: miwani ya kazi

Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani kwa shilingi elfu chache siyo dhambi, inasaidia kusoma risiti. Lakini ukiisahau usoni ukaendesha nayo, mbali kote kunakuwa ukungu. Dereva anayehitaji mbali na karibu apimiwe ya sehemu mbili, juu barabara, chini dashibodi. Siku tatu za mwanzo utajikwaa kwenye ngazi za kabini. Zoea ukitembea kwanza.

Fremu iwe na mikono myembamba. Ile minene ya fasheni inaziba pembeni, palepale unapotazama kioo cha ubavuni. Chukua miwili, ya pili ikae kwenye kabini ndani ya kasha gumu. Iliyo kwenye droo bila kasha imeshakwaruzika.

Miwani ya njano ya "kuonea usiku" wanayopitisha stendi, achana nayo. Inapunguza mwanga, na usiku mwanga ndio unaoutafuta. Miwani inayojibadilisha rangi juani nayo inakuwa vivu ndani ya gari, kwa kuwa kioo cha mbele kinazuia ile mionzi inayoiamsha. Kwa jua la jioni ukielekea Bahi, nunua miwani ya jua ya kweli, yenye namba zako kama unazo, na uivue jua linapozama.

Kabla hujalaumu macho kabisa, osha kioo cha mbele ndani na nje. Ndani kuna utando wa jasho na moshi ambao mchana hauonekani. Badilisha mipira ya waipa, futa taa. Nusu ya mwangaza unaowasumbua watu wenye macho mazima uko hapo.

Hatua ya sita: fomu na leseni

Fomu ya afya, iwe imetakiwa na chuo, na polisi au na mwajiri, ijazwe na mtu aliyekupima kweli. Nenda na ile karatasi yako ya kliniki. Hakikisha ameandika uono wa kila jicho, na kama unafikia kiwango kwa miwani, neno "kwa miwani" lionekane. Usimshawishi akuandikie 6/6. Likitokea la kutokea, faili la hospitali litatolewa, na fomu isiyofanana nalo itakugeuka mahakamani.

Mengine ni ya kawaida: namba ya NIDA na TIN viwe sawa na majina kwenye leseni, vyeti vya mafunzo ya daraja lako viwe karibu kwa ajili ya askari wa usalama barabarani, kisha TRA wanakupa namba ya malipo. Ada ya leseni ni shilingi 70,000. Majina yakitofautiana herufi moja, lirekebishe hilo kwanza, maana litakula wiki zako kuliko macho. Dereva wa chombo cha biashara ana pia uthibitisho wake wa LATRA, hivyo tarehe hizo mbili ziandike pamoja.

Leseni ikiisha wakati unatibiwa, usiendeshe. Kaa. Kuhuisha umechelewa kunasumbua, lakini kukamatwa na basi la abiria bila leseni hai ni habari nyingine.

Hatua ya saba: bosi

Hapa ndipo wengi huficha, nami nilificha. Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unahitaji cheti cha daktari. Upasuaji wa mtoto wa jicho unaingia humo na nafasi inabaki. Mwajiri hawezi kukuachisha kwa neno tu kwamba "huyu haoni". Anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu, ikiwa ni pamoja na kuangalia kama ipo kazi nyingine unayoiweza. Ukiachishwa kinyume, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Hesabu siku, usihesabu ahadi za bosi kwamba "tutaongea mwisho wa mwezi".

Jicho likiumia kazini, kwa mfano kioo kimepasuka au maji ya betri, tukio liandikwe siku ileile na taarifa iende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Matibabu na fidia viko huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake, kwa hiyo kipimo cha macho siyo hisani ya kuombea.

Najua wengi wetu hatuna mkataba wowote, tunalipwa kwa tripu. Hata hivyo anza kukusanya ushahidi: jumbe za simu za kupangiwa safari, hati za mizigo zenye jina lako, miamala ya malipo. Vinahesabika.

Kama macho hayafiki tena

Wapo watakaoambiwa kwamba kiwango cha basi au tela hakipatikani tena, pengine jicho moja limekufa au pembeni pameliwa. Muulize daktari maswali mawili tofauti: je, naweza gari dogo? Je, naweza mchana? Jibu la basi la abiria 60 siyo lazima liwe jibu la pikapu ya shambani, na leseni inaweza kuhuishwa kwa madaraja unayoyamudu tu. Aliyepoteza jicho moja anahitaji miezi kadhaa kujifunza upya kukadiria umbali, hata kumimina chai kwanza kunamshinda. Na kama ni mwanachama wa NSSF, ulizia mafao ya ulemavu kabla hujachukua mafao mengine kwa haraka ya njaa.

Kazi za watu wanaoijua barabara zipo pia nje ya usukani: kupanga safari ofisini, kukagua magari yadi, kufundisha vijana. Mzee mmoja niliyeanza naye kazi sasa anasimamia upakiaji wa mahindi Kibaigwa na anapata usingizi kuliko sisi.

Mimi nilirudi barabarani, lenzi mbili za bandia na miwani ya sehemu mbili. Nasoma 6/9 kulia, 6/6 kushoto. Taa za usiku zimetulia, lakini nilikubaliana na bosi ratiba ya mchana, na giza likinikuta Manyoni, nalala Manyoni.